Vituo vya Safari: Mpango wa Msafiri na Haki ya Mwenyeji

Wahenga wa pwani walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Methali hii haikukusudia fedha. Sultani akisafiri huweza kuibeba hazina yake, lakini hawezi kuibeba nyumba yake, wala majirani zake, wala ujuzi wa kisima kipi kina maji matamu na njia ipi haipitiki wakati wa masika. Mambo hayo anayo mwenyeji, hata akiwa fukara. Kwa hiyo kila aondokaye kwake huwa mhitaji, na uhitaji huo ndio uliomfundisha binadamu kusimama mbele ya mlango asioujua na kupiga hodi.

Msafiri wa leo amejitahidi kuufuta umaskini huo. Kabla hajatoka nyumbani, amekwisha kujua atalala wapi, chombo kitaondoka saa ngapi, atakula nini na kwa bei gani. Hata picha ya kitanda atakacholalia amekwisha kuiona. Mpango ndio hazina yake mpya. Na hapo ndipo linapozuka swali la maadili linalostahili kutazamwa kwa utulivu: je, yafaa mtu aipange safari yake mpaka asibakiwe na haja ya mtu yeyote huko aendako? Na akifaulu, atakuwa amefika, au atakuwa amepita tu?

Kiswahili kina maneno yanayolitazama jambo hili kwa macho mbalimbali. Safari ni mwendo wenyewe. Ziara ni kwenda kumwona mtu, aliye hai au aliye kaburini. Haina maana pasipo yule anayezuriwa. Kutalii, kwa asili yake, ni kuchungua na kudurusu, na mtu aliweza kukitalii kitabu kama anavyoutalii mji. Mwenyeji ni mwenye mji. Jina lake lenyewe ni dai la haki. Na kituo hutokana na kutua: ndege hutua, mchukuzi huutua mzigo. Mahali ambapo mtu hakutua kitu, hata kama alishuka garini na kupiga picha, si kituo kwa maana kamili ya neno hilo. Wapenzi wa ushairi wanalijua hilo kwa njia yao, kwani mstari wa mwisho wa ubeti nao huitwa kituo, na ni hapo ambapo mzigo wa ubeti mzima huwekwa chini.

Na ichukuliwe familia moja ya Tegeta, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni. Ni familia ya kubuni, lakini si ngeni kwa yeyote aliyewahi kuishi huko. Baba ni fundi, mama ni mwalimu, na watoto ni watatu. Nyumba yao imo kati ya kiwanda cha saruji cha Wazo Hill na ufuko wa Kunduchi. Jirani yao, huko Kunduchi, yapo makaburi ya kale yenye nguzo, ambamo watu wa zamani walipachika bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina. Kwa maneno mengine, watoto hao wamekulia karibu na ushahidi kwamba pwani hii imepokea wageni na vitu vyao kwa karne nyingi, na ikaona fahari kuviweka hata juu ya wafu wake.

Mama wa nyumba hiyo alizaliwa Wete, kisiwani Pemba. Kwa mwaka mzima wameweka akiba ili wavizunguke visiwa kwa siku saba, kwa kujipangia wenyewe, bila ya wakala. Baba ameandika kila kitu katika daftari. Siku ya kwanza: kutoka Tegeta alfajiri kuikimbia foleni ya Barabara ya Bagamoyo, kisha boti kutoka bandarini hadi Unguja, mwendo wa kama saa mbili, na kulala Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Siku ya pili: msitu wa Jozani kuwatazama kima punju, na Kizimkazi kuuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Siku ya tatu: Paje na Jambiani. Siku ya nne: Nungwi, wanakojenga majahazi. Siku ya tano: kuvuka hadi Pemba, kupita Chake Chake, na kulala Wete kwa mjomba wa mama. Siku ya sita: kurudi Unguja. Siku ya saba: Tegeta.

Mama alipompigia mjomba wake simu na kumwamkia, mzee aliitikia kwa furaha, kisha akauliza, "Mnakuja lini?"

"Jumanne jioni, mjomba. Jumatano asubuhi tunaondoka."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hamji, mwanangu. Mwapita."

Kauli hiyo fupi inabeba hoja nzima. Mjomba hakulalamika kwamba siku ni chache. Watu wa visiwani wamezoea ndugu wasio na nafasi. Alilolikataa ni kuwekwa katika daftari kwa daraja moja na msitu wa Jozani: jambo la kuonwa baina ya boti ya jioni na boti ya asubuhi. Alijiona amegeuzwa kituo bila ya kutuliwa.

Hata hivyo upande wa baba una hoja ya haki. Nyumba ya mjomba ina vyumba viwili. Wageni watano ni mzigo, na mila za pwani hazimruhusu mwenyeji kuusema mzigo huo. Atakopa dukani kabla hajawapa wageni wake chakula kikavu. Aliyesema mgeni siku mbili na ya tatu apewe jembe aliujua uzito huo. Kwa hiyo, asema baba, kulala usiku mmoja, au hata kulala katika nyumba ya wageni na kwenda kwa mzee kumsalimu, ni kumhurumia. Mama naye hujibu kwamba mtu wa Wete hawezi kulipa kitanda Wete ilhali mjomba wake yu hai. Majirani hawatasema kwamba mzee amehurumiwa, watasema amekataliwa. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana jambo hili haliamuliwi kwa kuhesabu siku.

Historia inaweza kusaidia. Ibn Battuta alipoitembelea pwani hii mnamo mwaka 1331, alieleza desturi ya Mogadishu. Merikebu ilipotia nanga, vijana wa mji waliifuata kwa mashua, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimpa mfanyabiashara mmoja chakula hicho na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakulala kwingine ila kwa mwenyeji huyo, na ni mwenyeji aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi. Ukarimu huo haukuwa bila ya faida, na hapana haja ya kuupamba: mwenyeji alichuma kwa mgeni wake. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo mipango ya leo imeiondoa. Mgeni hakumchagua mwenyeji, alichaguliwa. Alishuka pwani akiwa tayari ni mtu wa fulani.

Zama hizo hata muda haukuwa mali ya msafiri. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha, na aliyechelewa upepo alikaa miezi akiungoja mwingine. Katika miezi hiyo alijifunza lugha, alikopesha na kukopa, aliposa na kuoa. Ustaarabu wa Waswahili, kwa sehemu kubwa, ni matunda ya kungoja. Lau wageni wale wangekuwa na daftari la siku saba, huenda pwani hii ingekuwa na bandari, lakini isingekuwa na mashemeji.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, ambaye maisha yake yote hakwenda mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu na akapambanua mambo mawili. Mgeni, alisema, ana haki ya kuzuru nchi ya watu bila ya kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni ya wote. Lakini hana haki ya kudai akaribishwe kama mgeni wa nyumba, kwani hilo lahitaji mapatano maalumu ya hisani. Mpambanuo huu una maana kwa visiwa. Haki ya kuzuru yaweza kununuliwa kwa tikiti. Kukaribishwa hakununuliwi, hutolewa tu, na kinachotolewa hakiwezi kuandikwa katika mpango wa mpokeaji kana kwamba ni deni analomdai mtoaji.

Je, basi mpango ni kosa? Atakayesema hivyo hajaijua bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na tume ya uchunguzi baadaye ilitaja watu zaidi ya 1,000 wasioonekana. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Baada ya misiba kama hiyo, hakuna mwenye akili atakayemsifu msafiri anayepanda chombo chochote, saa yoyote, na kuyaita hayo kutawakali. Hadithi mashuhuri ya bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amtegemee Mola, akaambiwa afanye yote mawili, imetosha kuondoa udhuru huo. Baba wa Tegeta anayeuliza hali ya upepo, anayekikataa chombo kilichojaa na kulala bandarini usiku mmoja zaidi, anapanga vyema, na mpango wake ni ibada.

Yafaa kukumbuka kwamba wengi wa waliozama mwaka 2011 hawakuwa watembezi. Walikuwa watu wa Pemba na Unguja wakirudi makwao, wakifuata biashara, shule na jamaa. Mkondo ule, ambao kwa mtembezi ni mstari baina ya kituo cha nne na cha tano, kwao ni njia ya kila siku, nao hawakuwa na wingi wa vyombo vya kuchagua. Kuchagua siku na chombo ni neema, na neema hiyo humtaka aliyenayo asiwasahau wasionayo.

Kwa upande mwingine, visiwa vina ratiba yao isiyoandikwa na msafiri. Huko Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake, kazi hufuata bamvua: maji yakipwa sana, akina mama hushuka shambani, maji mafu yakiingia, hakuna wa kuonekana. Familia itakayofika Paje siku ya tatu, kwa sababu daftari limesema siku ya tatu, yaweza kuikuta bahari imejaa na watoto wakauliza mwani uko wapi. Na ikifika siku ya bamvua, itawakuta wanawake wameinama kwenye kamba na vigingi, jua likiwa utosini, na kila mmoja akiwa na saa chache kabla ya maji kurudi. Hapo mtembezi anayetaka wasimame ili awapige picha anaomba kitu asichokijua thamani yake. Kwake ni dakika tano za kituo cha tatu; kwao ni sehemu ya mavuno.

Swali hili la mpango na mahali limeguswa kwa kina katika kisa cha Nabii Musa na mja mwema ambaye wafasiri wengi humwita Khidhri, kilichomo katika Sura ya Kahf. Musa alikuwa na azma: kufika zinapokutana bahari mbili. Alikuwa na kijana wake na samaki wa masurufu. Kwenye jabali walipopumzika, samaki aliingia baharini, kijana akasahau kusema, nao wakaendelea na mwendo. Mpaka walipochoka na Musa alipotaka chakula, ndipo ilipodhihirika kwamba mahali walipopapita ndipo palipokuwa mwisho wa safari yao. Wakarudi nyuma kwa kufuata nyayo zao. Azma ya Musa haikuwa na kasoro, lakini alama ya kufika ilikuwa ni kuharibika kwa sehemu ya maandalizi. Asiyekubali chochote kiharibike hana alama ya kumwonyesha kwamba amefika.

Katika kisa hicho hicho, wasafiri hao walifika kwenye mji ambao watu wake walikataa kuwakirimu. Khidhri akaukuta ukuta unaotaka kuanguka, akausimamisha bila ya ujira, na Musa akastaajabu. Hapo pana fundisho kwa upande wa mgeni, ambaye aghalabu huhesabu haki zake tu. Wajibu wa mgeni kwa mji hautegemei alivyopokewa. Chini ya ukuta ule palikuwa na hazina ya mayatima wawili. Na mgeni, kwa kuwa ni mgeni, hajui chini ya kila ukuta kuna nini.

Watu wa Pemba nao wana masimulizi yao juu ya Khidhri, ambaye huko huitwa Nabii Hadhara. Wasimulizi husema aliwatokea wavuvi katika kisiwa kidogo cha magharibi ya Pemba, akawaomba msala ili asali. Hawakuwa nao. Basi akasema kwamba kisiwa chenyewe, kwa vile kinaelekea kibla, kitakuwa msala wake, na ndipo kilipoitwa Misali. Wavuvi wale hawakuwa wamejiandaa kwa mgeni, naye mgeni hakutoa taarifa ya kuja kwake. Hata hivyo upungufu wa pande zote mbili haukuleta fedheha. Ulikipa kisiwa jina na heshima ambayo wavuvi wanaihifadhi hadi leo.

Kutokana na hayo yote, mpango unaweza kupambanuliwa kwa namna mbili. Upo mpango unaomlinda mwenzako: kutoa taarifa mapema, kukataa chombo kilichojaa, kuuliza siku za bamvua, kubeba mchele ili usiwe mzigo, kujua utaondoka lini ili mwenyeji naye apange. Huo ni wajibu, na asiyeupanga ni mzembe hata akijiita huru. Na upo mpango unaomlinda msafiri asikutane na mwenzake: kuzijaza saa zote ili asialikwe, kulipia kila kitu ili asishukuru, kuviongeza vituo ili asitue. Huo hufanana na uangalifu, lakini ndani yake mna hofu ya kuwa mhitaji. Kipimo chake ni rahisi. Yale ambayo msafiri anawajibika kwayo, na ayapange mpaka mwisho. Yale ambayo anapewa, na ayaachie nafasi, kwa kuwa kuyapanga ni kuyageuza kutoka hisani kuwa huduma.

Mshairi ataielewa kanuni hii upesi. Hakuna anayezidharau mizani na vina. Ubeti usio na mizani hauimbiki. Lakini mizani hupangwa ili neno lisilotazamiwa lipate pa kukaa. Mtunzi anayejua kila neno la kituo kabla hajaanza mstari wa kwanza huandika shairi lililokamilika kwa hesabu na lililokauka kwa maana.

Yupo atakayepinga kwamba haya ni maneno ya watu wenye nafasi. Familia ya Tegeta ina siku saba tu, na haijulikani lini itapata saba nyingine. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake si kwamba wakati haujalishi. Jibu ni kwamba uchache wa siku ndio hasa unaolazimisha kuchagua, na anayekataa kuchagua huchaguliwa na orodha. Familia hiyo ikilifuta Nungwi na Kizimkazi katika daftari, watoto hawatayaona majahazi yakiundwa wala maandishi ya miaka mia tisa. Hiyo ni hasara ya kweli, na isiitwe faida. Lakini Wete watapata siku tatu. Siku ya kwanza na ya pili watakuwa wageni. Siku ya tatu, ukiwa ni msimu wa karafuu, jembe lao litakuwa mkeka: watakaa pamoja na binamu zao kuzichambua karafuu na kuyatenga makonyo, mikono ikinukia, na mzee akiwaeleza ni mkarafuu upi aliopandwa bibi yao alipozaliwa. Hilo daftari halikuwa na mahali pa kuliandika.

Na aliye safarini asiye na mjomba Wete? Yeye pia ana njia. Na aiache siku moja bila ya jina katika mpango wake, aulize badala ya kutafuta, na akikaribishwa chai asitazame saa. Pengine siku hiyo haitaleta kitu. Mja hana hakika na kinachotolewa bure. Mwenyeji naye na akumbuke kwamba atakayebisha hodi kesho ni yeye mwenyewe, mjini Dar es Salaam au Maskati au London, na kwamba huko atatamani apate mtu wa kumuuliza, kabla ya jambo lolote, anakuja au anapita.